Gari la Rangi ya Damu ya Mzee

Kornel alikuwa fundi wa kuchomelea pale Majengo, Moshi. Mageti, madirisha ya nondo, vitanda vya chuma, majiko makubwa ya shule, vyote vilipita mikononi mwake, na watu waliomjua walisema geti la Kornel halilalamiki likifunguliwa. Alizaliwa Kibosho, mtoto wa pili wa Mzee Sirili na Mama Bernadetha. Shule aliiacha kidato cha pili. Hakufukuzwa wala hakukosa ada. Siku moja alipita karibu na karakana, akaona cheche za moto zikiruka, akasimama kutazama, na kwa namna fulani hakuondoka tena. Kaka yake Wenseslaus aliendelea na vitabu mpaka chuo kikuu, akawa mwanasheria Dar es Salaam.

Mzee Sirili hakuwahi kumtukana Kornel kwa uamuzi ule. Alinyamaza tu. Lakini mgeni akija nyumbani, habari zilikuwa za Wenseslaus kuanzia chai mpaka kuagana.

Na kila Desemba, Wachagga wanaporudi mlimani kwa Krismasi, Wenseslaus alirudi na gari jipya kuliko la mwaka uliotangulia. Mwaka juzi alikuja na moja jeusi, refu, linalong'aa kama kiatu cha askari. Mzee Sirili alishikwa mkono, akazungushwa. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa siku nyingi kwa presha ya macho, na la kulia liliona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba: katikati tu, pembeni giza. Hata hivyo alilitazama lile gari kipande kwa kipande, taa, kioo, mlango, huku akiita majirani waje. Kornel alikuwa kando ya ua, akishusha majani ya ng'ombe kutoka kwenye pikapu yake nyeupe iliyoliwa na kutu.

"Na hili hapa ni la nani, Meku?" jirani mmoja akauliza kwa utani, akimwita mzee kwa Kichagga.

"Hilo?" alisema Mzee Sirili. "Hilo ni toroli la Kornel."

Watu walicheka. Kornel naye alicheka, tena kwa sauti kubwa kuliko wote, kisha akaendelea kushusha majani. Lakini neno lile lilimwingia kama chembe ya chuma inavyoingia jichoni mwa fundi asiyevaa miwani. Huioni, ila kila ukipepesa unaisikia.

Pikapu ile ndiyo iliyopeleka mageti kwa wateja. Ndiyo iliyoshusha ndizi za mama yake sokoni. Na kila mwezi ndiyo iliyompandisha Kornel Kibosho na kichupa cha dawa ya matone ambayo Mzee Sirili alitiwa jichoni asubuhi na jioni ili lile jicho moja lisizime.

Katikati ya mwaka uliofuata Kornel alimpeleka baba yake hospitali kupimwa. Daktari alimwita pembeni.

"Lile bomba analoonea limezidi kuwa jembamba," alimwambia. "Dawa asikose. Ila jiandaeni. Mwaka huu, au mwakani, hata hicho kidogo kinaweza kuondoka."

Mtu mwingine angeyasikia maneno yale akafikiria dawa. Kornel aliyasikia akafikiria magari. Njia nzima ya kurudi, baba yake akiwa amekaa kando yake ndani ya pikapu, aliwaza jambo moja: macho ya baba yatazima, na picha ya mwisho atakayobaki nayo juu yangu ni hili toroli.

Ndipo akaanza kutafuta.

Gari lenyewe alilipata Arusha, kwa mfanyabiashara mmoja wa utalii aliyeitwa Jacob, ambaye alikuwa amelichoka. Lilikuwa la Kijerumani, la milango miwili na viti viwili tu, pua ndefu, paa linalojikunja lenyewe ukibonyeza kitufe. Si jipya, lilishakuwa na miaka yake na mikwaruzo yake. Lakini rangi yake ilikuwa damu ya mzee, nzito, na lilipowashwa lilitoa muungurumo wa chini uliomfanya Kornel aweke mkono kifuani. Aliona kama limetengenezwa ili liingie kwenye ua mmoja tu duniani.

Mkewe Flavia alionyeshwa picha kwenye simu. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Baba Evelyn," alisema, "mageti utayabeba wapi humu?"

"Nitakodi Kirikuu ya mizigo."

"Na njia ya kwa Mzee? Hili tumbo lake linaburuta chini kama la kenge. Litapanda Kibosho kwa miguu ya nani?"

"Nitaliendesha polepole."

"Baba yako hana shida ya gari. Ana shida ya macho."

"Ndiyo hiyo hiyo," alisema Kornel. "Ndiyo shida yangu hiyo hiyo. Lazima alione kabla."

Flavia alimwangalia usoni akaona kitu kilichomtisha kidogo, akamrudishia simu.

Kornel aliuza pikapu. Fedha zilipokuwa hazitoshi aliuza na mashine kubwa ya kuchomelea, akabaki na ile ndogo ya vitanda, nayo baadaye ikamfuata mwenzake. Jacob akapokea malipo, kisha akasema gari lina kitu kidogo cha kurekebisha kwenye rejeta, kifaa kiko njiani. Kornel akangoja. Akaenda Arusha, akarudi mikono mitupu. Akaenda tena. Karakana ilisimama, wateja wakahamia kwa mafundi wengine, na yeye akawa mtu wa kukaa kwenye benchi mbele ya banda lake lililofungwa, simu mkononi.

Mwishoni mwa Novemba mama yake alipiga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Dawa ya baba yako imekwisha."

"Nakuja nayo, Mama. Nivumilieni kidogo tu. Nakuja na kitu."

"Kitu gani?"

"Mtaona. Mwambie Baba nakuja na kitu."

Siku ile ile alienda duka la dawa akanunua kichupa. Alikuwa na nia njema kabisa. Angeweza kumpa kijana wa bodaboda akipeleke. Nauli yake si kitu. Angeweza kupanda gari la abiria mwenyewe. Lakini alijiona akishuka kwenye gari la abiria pale njia panda, akitembea na mfuko wa plastiki mkononi, bila hata lile toroli, na moyo ukakataa. Alitaka vifike pamoja, dawa na gari, mkono mmoja ukimtia baba matone na mwingine ukimwonyesha. Akakiweka kichupa juu ya kabati. Kesho, alisema. Jacob kasema kesho. Na kesho ikapita ikaita nyingine.

Mama yake alipiga mara ya pili, sauti yake ikiwa ya ajabu, kama mtu anayezungumza huku ameshikwa mkono.

"Bado, Kornel?"

"Bado kidogo tu, Mama. Baba anaendeleaje?"

"Yupo," alisema. "Amekaa nje. Anakungoja."

Jumapili moja kabla ya Krismasi, gari likatoka Arusha. Kornel alilichukua mwenyewe, akapita nalo Bomang'ombe watu wakigeuza shingo, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alicheka peke yake. Majengo alisimama kuchukua kichupa cha dawa tu. Flavia alitoka mlangoni akijifuta jasho usoni, akalizunguka gari mara moja, akamfungia vitumbua kwenye karatasi ampelekee mama.

Lami alipanda vizuri. Lakini kufika kwa Mzee Sirili lazima uiache lami, uingie njia ya udongo inayokata katikati ya migomba na kahawa, na mvua za vuli zilikuwa zimeichimba, mawe yametoka kama meno. Kornel aliingia mwendo wa kinyonga. Alikuwa akishuka, anatazama, anaondoa jiwe kwa mikono, anapanda tena, anasogea, anashuka tena. Suruali yake mpya ilijaa tope mpaka magotini. Watu waliotoka misa ya pili walisimama kwenye ukingo wa njia wakamtazama, wengine wakampungia mkono.

Kwenye mteremko wa mtoni, pua ya gari iliposhuka na kuanza kuinuka tena, alisikia mlio wa chuma dhidi ya jiwe. Si mkwaruzo. Ulikuwa mlio mzito, wa kitu kinachopasuka, na yeye aliyeishi maisha yake yote kwa chuma alijua maana yake kabla hata hajashuka. Alishuka, akapiga magoti, akachungulia. Oili ilikuwa inatiririka juu ya jiwe, nyeusi, kwa haraka, ikielekea kwenye maji.

Hapo ndipo alipotakiwa kuzima. Hata mtoto anajua. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ikitoboka unazima, unatafuta kamba, unavutwa. Lakini kutoka pale mtoni mpaka uani kwa baba yake ni kona mbili tu na kipande kilichonyooka. Kornel alisimama tope mikononi, akatazama juu kwenye migomba, akaona bati la nyumba ya wazazi wake.

"Nifikishe tu," aliliambia gari. "Ukishanifikisha, ufe."

Akaingia, akakanyaga mafuta. Taa nyekundu iliwaka mbele yake. Akaifunika kwa kiganja kana kwamba ikifunikwa haipo. Kona ya kwanza ilipita. Kwenye kona ya pili injini ilianza kugonga, kwanza kama mtu anayebisha hodi, kisha kama mtu anayetaka kuvunja mlango. Kornel alikuwa anapiga kelele bila kujijua, "Twende, twende, twende," machozi yakimtoka. Kisha kukawa na mshindo mmoja, gari likatikisika, likanyamaza. Akavuta hendibreki. Moshi ukatoka chini ya boneti, na nyuma yake, kwenye migomba, ndege wakaanza tena kulia.

Alikaa mikono kwenye usukani. Kwa muda alifikiri kulirudisha nyuma mpaka mtoni, lidumbukie, aseme liliibwa. Halafu akakumbuka dawa. Akakichukua kichupa, akatembea.

Mzee Sirili alikuwa amekaa barazani, amevaa koti lake la kanisani na kofia, uso ameuelekeza njiani. Mama Bernadetha alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, na alipomwona Kornel alitikisa kichwa polepole, ishara ambayo Kornel hakuielewa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Kornel." Mzee aligeuka, lakini macho yake yalitua kando kidogo ya bega la mwanawe. "Nimesikia kitu kinakuja, kikanyamaza. Ndicho?"

"Ndicho. Kiko hapo konani. Njoo ukione."

Alimshika mkono wakashuka pamoja, mama akifuata. Kornel alikuwa akisema mfululizo, hajui anasema nini, kuhusu rangi, kuhusu paa, kuhusu watu wa Bomang'ombe. Walipofika, alimwachia baba yake mkono ili alitazame kwa nafasi. Mzee Sirili alinyoosha mkono mbele, kwenye kimo ambacho gari la kawaida lingekuwa. Mkono ukashika hewa. Akaushusha, akapapasa, ukashika hewa tena. Akainama, akatafuta, mpaka vidole vikagusa ukingo wa mlango.

"Kumbe liko chini," alisema taratibu.

Kornel alimtazama macho yale mawili. "Baba," alisema. "Baba, tangu lini?"

"Jumapili ya kwanza ya Majilio. Niliamka nikafikiri mama yako kasahau kufungua dirisha."

"Mama!" Kornel aligeuka. "Mbona hukuniambia? Nilikuuliza! Mbona hukuniambia?"

Mama Bernadetha alikuwa anafuta macho kwa kanga. "Alinikataza. Alisema unakuja na kitu, uje nacho kwa furaha."

Kornel alikaa chini, pale pale kwenye tope, mgongo kwenye gurudumu. Kichupa cha dawa kilikuwa bado mkononi, hakijafunguliwa. Alikiona, na hakujua akiweke wapi. Mzee Sirili aliendelea kupapasa. Alipita kwenye taa, kwenye kioo cha pembeni, kwenye boneti, akaondoa mkono haraka kwa sababu lilikuwa la moto.

"Liwashe nilisikie," alisema.

"Haliwaki, Baba."

"Kwa nini?"

"Limekufa. Nimeliua mwenyewe kutoka pale mtoni. Nilijua, nikaliendesha tu." Akakifumbata kichupa. "Na dawa yako ninayo tangu siku ile Mama aliponipigia. Ilikuwa juu ya kabati, Baba. Ilikuwa juu ya kabati."

Mzee akarudisha mkono kwenye mlango. Watu walikuwa wameanza kukusanyika, vijana wa bodaboda, kina mama wenye nguo za kanisani, na hakuna aliyecheka. Kornel alinyanyuka ghafla, akaanza kusema lazima wateremke hospitali sasa hivi, labda kuna sindano, labda bado, labda Jumapili hii hii kuna daktari wa zamu. Akamwomba mmoja pikipiki, akamwomba mwingine, akapiga simu za watu wenye magari, mmoja yuko Himo, mwingine hapokei. Pikipiki kwenye utelezi ule, na mzee asiyeona, hakuna aliyethubutu. Na hata gari lingepatikana, lingepita wapi? Njia yote ilikuwa imezibwa na gari lake mwenyewe.

"Magurudumu yanazunguka?" aliuliza Mzee Sirili.

"Yanazunguka."

"Basi si kushuka tu mpaka lami. Niingize."

"Baba, breki bila injini ni ngumu kama jiwe. Usukani nao."

"Niingize, Kornel."

Vijana wakaligeuza kwa kulibeba mkia, wakilihesabia pamoja. Mzee aliingizwa kwenye kiti kile cha chini, magoti karibu yaguse kidevu. Alipapasa juu ya kichwa chake, akauliza kama ndilo lile paa. Betri ilikuwa bado hai, kwa hiyo Kornel alibonyeza kitufe, na paa likajikunja likaenda nyuma, na mwanga wa mchana ukamwangukia mzee usoni. Aliinua kichwa. Kornel akamwangalia, akitumaini kuona jicho likijikunyata kwa jua. Halikujikunyata.

Akaweka gia huru. Vijana walilishika nyuma na pembeni wasije wakaliachia, wakaanza kushuka. Mtoni walilisukuma mpaka ng'ambo, chuma kikigonga mawe tena bila mtu kujali. Baada ya hapo mteremko ulikuwa mrefu na gari likaanza kwenda lenyewe, bila sauti yoyote ila ya matope na ya migomba inayopita. Kornel alisimama kwa miguu yote miwili juu ya breki, akiung'ang'ania usukani mzito. Upepo ulimvua mzee kofia. Akaidaka, akaishika kifuani.

"Halipigi kelele kabisa," alisema Mzee Sirili, na midomo yake ikafanya kitu kama tabasamu. "Wenseslaus lake linapiga kelele."

Kornel alitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine.

Kwenye lami walipata Noah ya abiria iliyokuwa inarudi mjini. Hospitali alikuwepo daktari kijana wa zamu, akammulika mzee, akapima, akaita mwenzake mkubwa. Presha ya jicho ilikuwa juu sana. Waliishusha. Mwanga hawakuurudisha.

Kornel alimfuata daktari mkubwa kwenye korido. "Ni zile siku bila dawa, sivyo? Niambie tu, Daktari."

"Siwezi kukuambia hivyo," alisema daktari. "Lilikuwa limebaki kidogo sana. Pengine lingezima hata kwa dawa. Pengine si mwezi huu."

Kornel alisimama pale muda mrefu baada ya daktari kuondoka. Alikuwa ametaka kuambiwa ni yeye, au kuambiwa si yeye.

Krismasi ilifika. Wenseslaus alikuja, akamsikia mama yake, akamtazama mdogo wake, na gari lake lilibaki nje ya ua bila mtu kulizunguka. Lile la damu ya mzee lilivutwa mpaka Majengo, likakaa mbele ya banda mpaka mvua za masika, kisha fundi mmoja akalichukua kwa ajili ya vipuri. Viti vilitoka kwanza, kisha taa. Kornel aliajiriwa karakana ya mtu mwingine, akichomelea kwa mashine isiyo yake. Flavia hakumwambia hata mara moja kwamba alimwonya. Wakati mwingine Kornel alitamani amwambie.

Kila Jumamosi alipanda Kibosho kwa bodaboda. Aliona jinsi baba yake anavyongoja kushikwa mkono kwenda chooni, kwenda zizini, mzee ambaye maisha yake yote alikuwa anaamka kabla ya wote. Kwa hiyo aliazima mashine na jenereta kwa bosi wake, akabeba mabomba, akachimba, akachomelea reli ya mkono kutoka mlangoni mpaka chooni, na kutoka chooni mpaka zizini, ikipinda pale njia inapopinda. Ilimchukua Jumamosi nyingi. Mzee Sirili alikuwa akikaa barazani akisikiliza moto unavyopasuka.

Ilipokwisha, mzee aliinuka peke yake. Akashika bomba, akaanza kutembea, taratibu, fimbo ikining'inia mkononi bila kazi. Kornel alitembea kando yake, hakumgusa.

"Baba," alisema walipofika kwenye kona ya zizi. "Sijakuomba msamaha. Sijui niombeje."

Mzee Sirili alisimama. Ng'ombe alitoa pua nje ya mbao, akamnusa koti. Mkono wa mzee ulikuwa unarudi nyuma kwenye bomba, ukienda mbele, ukirudi tena mahali pale pale.

"Hapa pana ncha," alisema. "Itamkata mama yako."

Kornel alingoja neno lingine. Halikuja. Akaenda kwenye mfuko wake wa vifaa, akachukua tupa, akapiga magoti, akaanza kuisugua ile ncha, huku baba yake amesimama juu yake, kidole kikiwa hapo hapo kwenye chuma, akimwonyesha.